Kumi na Tano ya Huyu, Kumi na Tano ya Yule

Kijana wa Malindi ya Unguja anayemaliza kidato cha sita hana mtihani mwengine wa kuingilia chuo kikuu. Mtihani wa Mei wa Baraza la Mitihani la Tanzania humalizia skuli na humfungulia, au humfungia, chuo. Skuli alizosoma zinasimamiwa na Serikali ya Zanzibar. Lakini Baraza hilo na elimu ya juu ni mambo ya Muungano. Aende Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au apande boti ya Dar es Salaam, kipimo ni kile kile.

Kipimo hicho kina hesabu mbili, na wengi hujiandaa kwa moja tu. Ya divisheni hupenda pointi chache: A ni 1, B ni 2, mpaka F ambayo ni 7. Masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa, na 13 hadi 17 ni divisheni ya tatu. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) huhesabu kinyumenyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Sharti lake la chini kwa shahada ya kwanza ni kufaulu masomo mawili yanayohusu fani inayoombwa, yenye jumla ya pointi 4.

Sasa chukua wanafunzi wawili. Mmoja ana E tatu, mwengine D mbili na F. Wote wana pointi 15, wote divisheni ya tatu, na mtaani watapewa hongera sawasawa. Lakini D mbili zinatimiza zile 4. E mbili ni 2 tu, na hata ya tatu ikiongezwa hazifiki. Aliyefeli somo zima anaweza kuingia, aliyefaulu yote akabaki nje. Mweleze hayo mzazi wake uone!

Isidhaniwe kwamba busara ni kulitupa somo moja. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote, kwa hiyo F ikiangukia Fizikia, D mbili hazimfai kitu. Kwa hiyo mwongozo wa udahili wa TCU ungefaa usomwe mapema, kabla ya tuisheni na pepa za miaka iliyopita, ili mtu ajue akeshe na somo lipi. Alama 49 ni E, 50 ni D. Kwa anayehitaji D hiyo, alama moja hapo ina thamani zaidi kuliko tano za kupandisha B ya 71 hadi 76, ambayo itabaki B.