Fomu ya familia imeshatumwa Marekani, na ina kosa

Uzi mfupi. Mijadala ya diaspora ikipamba moto huku Garsen, nasikia mawili: "Futa uanze upya," au "Mheshimiwa atapiga simu ubalozini." Yote hapana, jamani.

Makosa mengi niyaonayo ni ya tarehe. Sisi Tana River twaanza na siku, Wamarekani waanza na mwezi. 03/07 yetu ni Julai 3, kwao ni Machi 7!

Mwenye fomu I-130 ni ndugu yako aliye kule, si wewe. Yeye ndiye aiandikie USCIS: ataje namba ya risiti, aeleze kosa, aambatanishe nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kama alituma kwa mtandao, apakie kwenye akaunti yake.

Ukianza upya wapoteza foleni, maana huhesabiwa tangu siku ombi lilipopokelewa. Kaka na dada wa raia hungoja zaidi ya miaka 10.

Na mtoto aliyeachwa nje ya fomu? Hapo msichelewe. Atajwe kwa barua hiyohiyo, kabla ya mahojiano Nairobi. Kosa la kalamu larekebishika. Uongo wa makusudi waweza kukufungia viza maisha.