Jinsi Watu wa Athens Walivyoacha Kutawaliwa kwa Nguvu

Zamani katika Ugiriki palikuwa na watu waliotwaa utawala kwa nguvu, pasipo sheria. Si wote waliotawala vibaya. Peisistratos, mtawala wa Athens aliyekufa mwaka 527 kabla ya Kristo (K.K.), aliwakopesha wakulima maskini fedha wapate kulima mashamba yao. Alipokufa walimfuata wanawe, Hippias na Hipparchos.

Mwaka 514 K.K. Hipparchos aliuawa na watu wawili kwa sababu ya ugomvi wao wenyewe. Kifo hicho hakikuleta nafuu. Hippias aliingiwa na hofu, akawa mkali kuliko kwanza. Hatimaye, mwaka 510 K.K., askari wa mji wa Sparta walimzingira katika ngome iliyo juu ya kilima, naye akakubali kuihama nchi.

Je, taabu zilikwisha? La. Wakuu wawili, Isagoras na Kleisthenes, walianza kushindana. Isagoras aliwaita tena Wasparta, na jamaa 700 zikafukuzwa. Ndipo raia walipoinuka, wakawazingira ngomeni. Siku ya tatu Wasparta waliondoka kwa mapatano, na Kleisthenes akarudishwa.

Kleisthenes alitaka kuwachanganya watu, wasigawanyike tena kwa koo. Kwa hiyo, badala ya makabila manne ya zamani, aliunda kumi mapya. Katika kila moja walitiwa watu wa mjini, wa pwani na wa bara, na kila mtu akaandikwa katika kijiji chake. Kila kabila lilitoa watu 50 wa kuingia katika Baraza la watu 500. Baraza hilo ndilo lililotengeneza mashauri yaliyopelekwa mbele ya mkutano wa raia wote.

Mpango huo ulikuwa na upungufu mkubwa, kwani wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti. Hata hivyo, nguvu yake ilionekana upesi. Mwaka 490 K.K. Hippias, sasa mzee, alifika Marathon pamoja na jeshi la Waajemi akitumaini kurudishiwa utawala. Watu wa Athens walimkabili wakiwa wamepangwa kwa makabila yao kumi mapya, mtu wa pwani bega kwa bega na mtu wa bara. Waajemi walishindwa, na Hippias hakutawala tena.