Baada ya Kuanua Matanga: Mashabiki wa Roki ya Indi na Bendi Zinazorudiana

Roki ya indi ni tawi la muziki wa magitaa ya umeme lililochipuka Uingereza na Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na jina lake ni kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea, kwa sababu bendi zake zilirekodi chini ya lebo ndogo zisizomilikiwa na kampuni kubwa za muziki. Miongoni mwa lebo hizo zilikuwamo Rough Trade ya London, SST ya California, Sub Pop ya Seattle na Dischord ya Washington, ambayo waanzilishi wake walikunja na kugundisha majalada ya santuri zao za mwanzo kwa mikono yao wenyewe. Nchini Marekani nyimbo zao zilisikika katika redio za wanafunzi wa vyuo zaidi kuliko katika vituo vya kibiashara, na kutokana na mazingira hayo ikajengeka jamii isiyo na kabila wala mipaka ya nchi, lakini yenye miiko inayotambulika: fedha isiamue muziki, msanii asijikweze mbele ya msikilizaji, na mwenye kuipenda bendi aithibitishe mapenzi yake kwa kuijua kwa undani. Bendi ya Fugazi, ambayo wengi waliihesabu kuwa kielelezo cha miiko hiyo, ilijitahidi kwa miaka mingi kutoza dola 5 tu mlangoni na kupiga katika kumbi zinazoruhusu watu wa umri wowote kuingia.

Desturi za jamii hii huonekana wazi zaidi ukumbini. Shabiki mzoefu havai fulana ya bendi anayokwenda kuitazama usiku huohuo, kwani kufanya hivyo huhesabiwa kuwa ushamba. Huvaa ya bendi nyingine, na afadhali iwe ya bendi inayofahamika kwa wachache. Hupenda kusimama, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, akitikisa kichwa kwa kiasi, na mgeni anaweza kudhani kuwa hafurahii anachokisikia. Sakafuni mwa jukwaa, kando ya vikanyagio, yaani visanduku vidogo vinavyobadilisha sauti ya gitaa mpigaji anapovikanyaga, hubandikwa kwa utepe wa gundi karatasi yenye orodha ya nyimbo za usiku ule, ambayo mara nyingi huandikwa kwa kalamu nene na kwa vifupisho ambavyo asiyezijua nyimbo hawezi kuvisoma. Taa zikishawashwa, watu wa safu ya mbele hunyoosha mikono wakimwomba fundi mitambo awabandulie karatasi hiyo, na anayeipata huondoka nayo ikiwa imekunjamana na ina alama za viatu, akaihifadhi kama watu wengine wanavyohifadhi cheti.

Watu wenye kuthamini mambo kwa namna hiyo hawawezi kuchukulia kuvunjika kwa bendi kuwa habari ndogo, na jambo la kustaajabisha ni kwamba, pamoja na huzuni, wengi wao hukuona kuvunjika huko kuwa tendo la uaminifu, maana bendi isiyo na la kusema tena imenyamaza. Pixies wa Boston walivunjika mwaka 1993 huku baadhi ya wanabendi wakipata habari kwa faksi. Pavement, bendi iliyoanzia Stockton, California, ilifunga safari yake katika ukumbi wa Brixton Academy, London, mwezi Novemba 1999, mwimbaji Stephen Malkmus akiwa ameninginiza pingu kwenye stendi ya maikrofoni na kueleza kuwa zinaonyesha kuwa ndani ya bendi kukoje. Baada ya matukio kama hayo mashabiki walikaa matanga yao, wakayaanua, na kilichofuata kikawa aina ya mirathi: santuri, tiketi zilizochanika, kanda zilizorekodiwa kwa siri ukumbini na kumbukumbu za nani alikuwapo wapi vilihamia mikononi mwao, na bendi ambayo zamani ilikuwa mali ya wapigaji wake ikawa mali ya waliobaki wakiisimulia.

Mirathi hiyo nayo ilizaa. Kurt Cobain wa Nirvana alikiri hadharani kwamba alipotunga wimbo uliompa umaarufu alikuwa akijaribu kuiga mtindo wa Pixies, na mwaka 1999 filamu ya Fight Club ilifungwa kwa wimbo wao mmoja, hivyo bendi ikapata wafuasi wapya wakati haipo. Wanne hao waliporudi jukwaani mwezi Aprili 2004, walikuta kwao kumejaa watu ambao hawakuwaacha pale. Tangu hapo ziara za kurudiana zikawa jambo la kila mwaka. Neno hili la kurudiana, ambalo kwa kawaida hutumika kwa mke na mume walioachana, linafaa sana hapa, kwa kuwa maswali yanayoulizwa ni yaleyale: wamerudiana kwa mapenzi, kwa ajili ya watoto, au kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda?

Sababu ya fedha haifichiki. Mauzo ya sidii yalianza kuporomoka baada ya kuingia kwa karne hii, kipato cha wanamuziki kikahamia kwenye maonyesho ya moja kwa moja, na matamasha makubwa kama Coachella ya California na Primavera Sound ya Barcelona yakahitaji majina ya kuweka juu ya mabango. Wakati huohuo mashabiki waliokuwa wanafunzi mwaka 1990 walikuwa wamefikia umri wa kuwa na mshahara na mtu wa kuwaangalizia watoto. Katika jamii hii kosa kubwa kuliko yote huitwa kujiuza, yaani kuuza msimamo kwa ajili ya pesa, na Pixies, kwa dhihaka ya kujikinga, waliipa jina hilohilo DVD ya ziara yao. Dhihaka hiyo ilikubalika kwa sababu ilikuwa ya kweli. Lawama hii ya fedha, hata hivyo, hutamkwa kwa urahisi mno, na mara nyingi hutamkwa na mtu ambaye tayari ana tiketi mfukoni. Chini yake kuna malalamiko mengine yasiyosemeka kirahisi, kwamba mrithi ameombwa arudishe mali kwa mwenyewe aliyekwisha kuihama.

Jambo hilo lilidhihirika katika kisa cha LCD Soundsystem wa New York. Bendi hiyo haikuvunjika kimyakimya, bali ilitangaza mazishi yake: tarehe 2 Aprili 2011 ilipiga kwa karibu saa nne katika ukumbi wa Madison Square Garden, baada ya walanguzi kununua tiketi nyingi kiasi cha bendi kulazimika kuongeza maonyesho mengine, na mwaka uliofuata ikatolewa filamu ya usiku huo. Watu walisafiri kutoka mbali kuja kuaga. Mwezi Januari 2016 bendi ikatangaza kurudi, na kiongozi wake, James Murphy, alilazimika kuandika barua ya wazi akiwaomba radhi wale waliohisi kuwa machozi yao yamechezewa. Hakuna aliyedai nauli yake irudishwe. Walichokuwa wamenyang'anywa ni heshima ya kuwa mashahidi wa mwisho, na shahidi wa mwisho akishaambiwa kuwa mwisho haukuwa mwisho, ushahidi wake hugeuka kuwa tiketi ya kawaida. Albamu iliyofuata, mwaka 2017, ilishika nafasi ya kwanza katika chati kuu ya albamu nchini Marekani.

Msomaji aliyelelewa na muziki wa dansi wa Dar es Salaam anaweza kuuona uchungu huu kuwa wa kitoto, kwani katika dansi bendi hufanana na timu ya mpira. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya umoja wa wafanyakazi, iligeuka kuwa JUWATA, kisha OTTU, hatimaye Msondo Ngoma, huku wapigaji wakihama, wakirudi na wengine wakifariki, na wapenzi wake wakaendelea kwenda kuicheza. Kwa shabiki wa indi bendi ni watu mahususi, wanne au watatu, na akikosekana mmoja jina hutiliwa shaka. Ndiyo maana mpiga besi Kim Deal alipoondoka Pixies mwaka 2013, wako waliokataa kuzihesabu albamu zilizofuata kuwa ni za bendi ileile.

Mashaka kama hayo huukumba pia wimbo mpya. Kuanzia mwaka 2005 waandaaji wa tamasha la All Tomorrow's Parties la Uingereza walieneza utaratibu wa bendi kupiga albamu moja ya zamani mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio uleule wa santuri, na utaratibu huo uliwafurahisha watu kwa sababu uliondoa hatari yote: kila mtu alijua kitakachofuata. Mwimbaji anapotangaza wimbo mpya, sehemu ya umati huelekea kaunta ya bia. Hukumu hiyo ya miguu si ya haki, na ushahidi uko wazi. Mission of Burma wa Boston walisimama mwaka 1983, baada ya albamu moja kamili, kwa sababu mpiga gitaa wao, Roger Miller, alikuwa akisumbuliwa na mlio wa masikio usiokoma; walirudi mwaka 2002, yeye akiwa amevaa vizibo vikubwa vya masikio, na kabla ya kunyamaza tena walitoa albamu nne. Dinosaur Jr. wa Massachusetts, waliomfukuza mpiga besi Lou Barlow mwaka 1989 na kurudiana naye mwaka 2005, wametoa albamu tano tangu 2007, ilhali katika ujana wao walikuwa wametoa tatu wakiwa pamoja. Ndoa ya pili ndiyo iliyozaa zaidi.

Upande wa vijana hoja ni nyingine kabisa, maana wao hawakukaa matanga yoyote. American Football walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu katika jimbo la Illinois, wakatoa albamu moja mwaka 1999 na kuachana bila kishindo, lakini waliporudi mwaka 2014 walipigia umati ambao hawakuwahi kuuona walipokuwa hai, na nyumba ya mbao iliyomo katika jalada lao, mjini Urbana, imekuwa mahali pa kwenda kupigia picha. Pavement nao, waliporudi kwa mara ya pili mwaka 2022, walikuta wimbo wao unaosikilizwa kuliko yote mtandaoni ni Harness Your Hopes, ambao mwaka 1999 walikuwa wameuweka pembeni kama nyongeza ya sahani ndogo, nao programu za kupendekeza nyimbo ndizo zilizouinua. Ukumbini, watoto wa miaka 20 waliuimba neno kwa neno, na wazee waliokuwa wamejifunza kila kitu kuhusu bendi hiyo wakajikuta wao ndio wageni.

Wapo waliokataa. The Smiths wa Manchester hawakurudi tangu 1987, na kifo cha mpiga besi Andy Rourke mwaka 2023 kimelifunga suala hilo. Hüsker Dü wa Minneapolis vilevile, baada ya kufariki mpiga ngoma wao, Grant Hart, mwaka 2017. Fugazi walisimama mwaka 2003 bila kusema kuwa wamevunjika, na badala ya ziara, mwaka 2011 walianza kuweka mtandaoni rekodi za maonyesho yao, zaidi ya 800, kila moja ikiwa na tarehe na jina la ukumbi. Bei inayopendekezwa ni dola 5. Shabiki mwenye mvi huitafuta tarehe yake, huvaa visikilizio, na kabla wimbo wa kwanza haujaanza hutega sikio katika kelele za umati, kama atajisikia.