Rekodi za Nusu Fainali: Mkwaju Mmoja Unapoamua Miaka Minne

Wiki ya nusu fainali ya Kombe la Dunia la Raga, mashabiki hawaishi kubishana. Atakayetaja mechi ya juzi atajibiwa na aliyeiona ya 1995, na huyo naye atanyamazishwa na anayeshikilia kwamba hakuna kama ya 1999. Kuanzia 1987 hadi 2023 nusu fainali za wanaume zimechezwa 20. Msimamo wangu katika ubishi huu ni kwamba rekodi za alama nyingi ndizo zinazosahaulika upesi. Zinazodumu midomoni mwa watu ni za mkwaju mmoja, uliopita au uliokosa.

Chukua kipigo kikubwa kuliko vyote. Mwaka 1987, mjini Brisbane, New Zealand iliichapa Wales 49-6. Pengo hilo la alama 43 halijafikiwa tena. Lililokaribia ni la 2023 nchini Ufaransa, All Blacks hao hao walipoikung'uta Argentina 44-6 na winga Will Jordan akafunga trai tatu, akafikisha nane katika mashindano hayo na kuwafikia Jonah Lomu, Bryan Habana na Julian Savea. Ni kazi kubwa, ila mechi yenyewe iliisha kabla ya mapumziko, na shabiki hana cha kusimulia zaidi ya matokeo.

Kipigo kinachosimuliwa ni kile chenye Lomu ndani yake. Cape Town, Juni 18, 1995: kijana wa miaka 20, mwili wa mchezaji wa mbele na mbio za winga, anapewa mpira ukingoni mwa uwanja mchezo ukiwa ndio kwanza umeanza. Anamkwepa wa kwanza, anayumba kidogo, na Mike Catt aliyebaki peke yake kulinda mstari wa England anakanyagwa kama hakuwepo. Lomu alifunga trai nne siku hiyo, na hakuna mwingine aliyefunga nne katika nusu fainali. Matokeo yalikuwa 45-29, jumla ya alama 74. Miaka minne baadaye jumla hiyo hiyo ya 74 ilirudi, na safari hii Lomu alikuwa upande ulioshindwa.

Hapo ndipo ninapoisimamisha bendera yangu. Oktoba 31, 1999, Twickenham, London. New Zealand inaongoza 24-10 baada ya Lomu kufunga trai yake ya pili, na Ufaransa inaonekana imekwisha. Kisha Christophe Lamaison anaanza kuchonga taratibu. Anaudondosha mpira chini na kuupiga unapodunda, unapita katikati ya milingoti. Anarudia. Anaongeza penalti mbili. 24-22. Kufumba na kufumbua, Christophe Dominici anaudaka mpira uliodunda vibaya na kuchanja mbuga hadi kwenye trai, Richard Dourthe anafuata, Philippe Bernat-Salles anamalizia. Alama 33 mfululizo bila jibu, dhidi ya timu iliyodhaniwa haishindiki. Mechi iliisha 43-31. Lamaison peke yake alikuwa na alama 28: trai moja, mikwaju minne ya nyongeza, penalti tatu na mipira miwili ya kudondosha. Hakuna aliyewahi kufunga nyingi hivyo katika nusu fainali. Mwili wa Ufaransa ulikuwa umetumika wote siku ile, na fainali waliipoteza mbele ya Australia 35-12.

Watu husahau kwamba siku moja kabla, katika uwanja huo huo, kulichezwa nusu fainali pekee iliyowahi kuingia muda wa ziada. Australia na Afrika Kusini hawakufunga hata trai moja kati yao. Matt Burke alipiga penalti nane, Jannie de Beer akajibu kwa sita na mpira mmoja wa kudondosha, na mambo yalikuwa 21-21 wakati Stephen Larkham, mtu ambaye hakuwa na sifa ya kupiga mikwaju ya namna hiyo, alipoujaribu kutoka karibu mita 50. Ukapita, na penalti ya nane ya Burke ikafunga hesabu: 27-21.

Umbali huo wa karibu mita 50 una historia yake, na mwenye moyo mwepesi asiiangalie. Mwaka 2011, Auckland, Wales ilibaki na watu 14 baada ya nahodha Sam Warburton kuonyeshwa kadi nyekundu dakika ya 18 kwa kumnyanyua na kumwangusha Vincent Clerc wa Ufaransa. Hata hivyo Wales ndiyo iliyofunga trai pekee ya mechi, ya Mike Phillips. Mkwaju wa nyongeza wa Stephen Jones uligonga mlingoti. Zikiwa zimesalia dakika chache, Leigh Halfpenny akasimama mbele ya penalti ya mbali. Mpira ulinyooka vizuri kabisa, kisha ukaishiwa nguvu na kushuka chini kidogo ya mtambaa panya. Ufaransa 9, Wales 8.

Sasa ruka hadi Oktoba 21, 2023, mvua inanyesha Stade de France. England inaongoza Afrika Kusini 15-6, alama zote zikitoka mguuni mwa Owen Farrell. Springboks wanamtoa Manie Libbok hata kabla ya mapumziko na kumwingiza Handré Pollard, ambaye hakuwa hata kwenye kikosi cha kwanza kilichotajwa. Aliitwa baada ya Malcolm Marx kuumia. RG Snyman anafunga trai, Pollard anaongeza mbili. Dakika mbili tatu kabla ya mwisho, skramu inawapa penalti, umbali ni ule ule wa Halfpenny. Huu ulipita. 16-15, na wiki iliyotangulia walikuwa wameitoa Ufaransa 29-28, na fainali wakaishinda New Zealand 12-11. Mechi tatu za mtoano, alama moja kila mechi.

Scotland nayo ina jeraha lake. Katika nusu fainali yake pekee, Murrayfield 1991, mambo yakiwa 6-6, Gavin Hastings alikosa penalti iliyokuwa mbele kabisa ya milingoti, kisha Rob Andrew akaipa England ushindi wa 9-6.

Mechi iliyobeba uzito mkubwa kuliko zote ni ya Afrika Kusini na Ufaransa, Durban, 1995. Mvua iliugeuza uwanja ziwa na mchezo ukachelewa. Wanawake waliingia na mifagio kuyasukuma maji. Kama mechi ingefutwa, Ufaransa ndiyo ingeingia fainali, kwa sababu Afrika Kusini ilikuwa na rekodi ya kadi nyekundu. Ilichezwa, na mwishoni Abdelatif Benazzi wa Ufaransa aliteleza na mpira akaangukia hatua isiyotimia kutoka kwenye mstari. 19-15. Picha ya Rais Nelson Mandela akiwa na jezi namba 6 ya Springboks katika fainali ya Juni 24 ilipitia katika tope lile.

Wanawake nao wana lao. Eden Park, 2022, New Zealand iliitoa Ufaransa 25-24, penalti ya mwisho ya Caroline Drouin ikienda pembeni. Na kwetu, Kenya imefika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba kila upande mara mbili: Dubai 2009, baada ya kuivua ubingwa Fiji kwa 26-7, na Moscow 2013. Zote mbili ilipoteza, dhidi ya Argentina na England, na bado mashabiki wa Nairobi wanaizungumza ile ya Fiji.

Kwa upande wa wachezaji 15, New Zealand imecheza nusu fainali 9 kati ya mashindano 10. Ni 2007 tu iliyokosa. Wales na Argentina zimefika mara tatu kila moja na kupoteza zote. Ireland haijafika kabisa, ingawa imewahi kushika nafasi ya kwanza duniani. Mwaka 2027, huko Australia, timu zitaongezeka kutoka 20 hadi 24 na kutakuwa na raundi ya 16 bora, kwa hiyo ili kuivunja rekodi hiyo Ireland itabidi ishinde mechi mbili za mtoano, mahali ambapo hadi sasa haijashinda hata robo fainali moja.