Milima na Mabonde katika Maisha ya Mtunzi wa Riwaya: Mfano wa Euphrase Kezilahabi

Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Kwa mtunzi wa riwaya, hata hivyo, kivuli hicho aghalabu huchelewa. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, hakuziona Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote katika umbo la vitabu, kwani zilichapishwa mwaka 1968. Lakini pengine hakuna maisha yanayodhihirisha vyema jinsi sifa na lawama humwandama mtunzi yuleyule kama ya Euphrase Kezilahabi.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, nchini Tanzania. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilichapishwa jijini Nairobi mwaka 1971, naye hajatimiza miaka thelathini. Riwaya hii inasawiri maisha ya Rosa, binti anayelelewa kwa kipigo na vitisho na Zakaria, baba mlevi. Anapoondoka chini ya mamlaka ya baba huyo, uhuru asiouzoea unamwangamiza. Kwa kuwa mtunzi alizungumzia masuala ya ngono bila kuyafumba, kitabu kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. La ajabu ni kwamba kazi iliyolaumiwa kwa kupotosha maadili ndiyo iliyokuwa ikiwaonya wazazi dhidi ya malezi yanayopotosha. Baadaye marufuku iliondolewa, na riwaya hiyohiyo ikafundishwa shuleni.

Uzito wa marufuku ya aina hii hubainika tunapozingatia soko la riwaya ya Kiswahili. Mnunuzi wake mkuu ni mwanafunzi. Nchini Kenya, kwa mfano, riwaya inayoteuliwa kutahiniwa katika shule za upili, kama ilivyokuwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, husomwa na maelfu kwa maelfu ya watahiniwa. Muda wake unapokwisha, nafasi hiyo hupewa kitabu kingine. Kwa hiyo, mtunzi aliyefungiwa mlango wa shule hupoteza wasomaji na kipato kwa pamoja.

Kezilahabi hakuvunjika moyo. Kichwamaji ilitoka mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975 na Gamba la Nyoka mwaka 1979. Katika mbili za mwisho aliihoji siasa ya Ujamaa iliyokuwa ikitekelezwa nchini mwake. Wakati huohuo, diwani yake ya Kichomi (1974) ilizua mjadala mkali baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, kwani mashairi yake hayakufuata arudhi. Basi alikuwa akishambuliwa kwa ushairi huku akistahiwa kwa riwaya.

Baada ya hapo kilifuata kimya cha takriban mwongo mmoja bila riwaya mpya. Katika kipindi hicho alisomea shahada ya uzamifu nchini Marekani, akaihitimu mwaka 1985. Aliporejea uwanjani kwa Nagona (1990) na Mzingile (1991), wasomaji walikutana na kazi fupi, zenye kuvunja mfuatano wa wakati na kujaa mafumbo. Wahakiki walizipokea kama ukurasa mpya wa riwaya ya Kiswahili. Msomaji wa kawaida, kwa upande wake, alizipata kuwa ngumu. Hivyo, hatua iliyompandisha mbele ya wanataaluma ilimtenga na sehemu ya hadhira aliyoijenga mwenyewe.

Riziki yake, kama ya watunzi wengi wa Kiswahili, ilitokana na ualimu: alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Botswana. Alifariki dunia Januari 2020. Leo kazi zake husomwa na kutafitiwa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na kwingineko. Heshima hiyo ni kubwa, lakini hailipi gharama za uandishi. Mwanafunzi anayerudufu riwaya nzima kwa mashine badala ya kuinunua, kisha akaandika tasnifu ya kumsifu mtunzi, naye amechangia kulichimba bonde hilo.