Maji Yasiyopita Kwenye Mtambo

Kihansi ni mto mdogo. Unakusanya vijito vya miinuko ya Mufindi, kule wanakijiji wanakolima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, kiangazi, kisha nchi inakatika ghafla: maji yanaporomoka mamia ya mita katika korongo la Udzungwa hadi bonde la Kilombero, kwenye mpunga. Mhandisi akiuona mteremko huo hapati usingizi. Bwawa likajengwa juu, handaki likachimbwa mlimani, na kufikia mwaka 2000 mitambo mitatu ya jumla ya megawati 180 ilikuwa inazunguka.

Kilichokosekana kwenye hesabu ni rasharasha. Maporomoko yalipopiga mwamba, manyunyu yalilowesha nyasi usiku na mchana. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, watafiti walikuta humo chura wa manjano asiyefika sentimita tatu, asiyeonekana popote pengine duniani. Hatagi, anazaa. Ana haki: mayai kwenye maji ya namna ile yangefika Rufiji kabla ya kuanguliwa!

Handaki lilipomeza zaidi ya tisa ya kumi ya mto, korongo likakauka. Yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia, mvua ya bandia, na vyura wakaongezeka tena. Kisha mwaka 2003, ndani ya miezi michache, wakatoweka. Kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura alipatikana kwao. Mwaka huohuo tope la bwawani lilikuwa limesukumwa korongoni, na baadhi ya wataalamu wakashuku dawa za wadudu zilizomo. Dawa hizo hazitoki bwawani. Zinatoka mashambani huko juu. Mkulima anayepulizia mboga zake Mufindi hajawahi kumwona chura huyu, lakini wanakunywa mto mmoja.

Bahati ni kwamba mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Uzao wao ulirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa korongoni.

Kibali cha maji kinautaka mtambo uachie mita za ujazo 1.5 hadi 2 kwa sekunde zipite njia ya zamani. Kiangazi kikizidi, vinyungu vikifunguliwa huko juu na mgao wa umeme ukianza mijini, hicho ndicho kiasi ambacho kila mtu anakiangalia kwa jicho la pembeni.