Mlezi Asiyeonekana

Neno "mlezi" tumelichosha bure. Kila chama cha wanafunzi kina mlezi wake, ambaye huonekana mara mbili kwa mwaka: siku ya kufungua na siku ya kupigwa picha. Ilhali wahenga waliosema kuwa kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, walikuwa wakizungumzia shughuli isiyo na likizo. Nayasema haya nikijua kwamba nami nina hatia.

Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay, ukimwi ulivunja nyumba nyingi. Utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka wa mwaka 2012 uligundua kuwa takriban asilimia 24 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 59 waliishi na virusi. Uchunguzi uliofuata mwaka 2018 ulidhihirisha kwamba matibabu yalikuwa yamefanya kazi kubwa. Lakini dawa hazimrudishi aliyekwisha kwenda, na watoto wengi huko wamekuzwa na nyanya zao.

Kwa idhini ya nyanya mmoja na kwa ufahamu wa mwalimu wa darasa, nilijitolea kumwongoza mvulana wa Gredi ya Sita. Sikuombwa karo. Niliombwa kufika kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tusome na kuzungumza. Machi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, Aprili, kongamano. Nikatuma pesa za madaftari, moyo ukatulia. Nilipofika Mei, mvulana alikuwa shambani akikata miwa kwa ujira. Nyanya hakunilaumu. Alinieleza tu kwamba Jumamosi zote mbili mjukuu wake alivaa sare ya shule, akaketi chini ya mwembe hadi jua likatua.

Nilitamani anitukane.

Sisi wasomi hupenda kudhani kwamba ulezi wa kujitolea ni wazo lililoletwa na wafadhili. Sivyo. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ambamo watoto walilala na kufunzwa hadithi, vitendawili na mwenendo mwema na mwanamke mzee aliyeitwa pim. Mara nyingi pim hakuwa wa ukoo wao kwa damu. Sifa yake kuu, kwa maoni yangu, ni kwamba usiku ulipoingia alikuwapo.

Walimu wenzangu, anayetaka kujitolea na ahesabu kwanza siku zake, kisha pesa zake. Afadhali kuahidi ziara nne kwa mwaka na kuzitimiza kuliko kuahidi kumi na mbili. Mtoto aliyefiwa amekwisha kuachwa mara moja; anayemzoesha kungoja kisha asifike anamfiwisha upya.

Ilinichukua miezi mitatu kabla mvulana yule hajanisomea tena insha yake. Sasa tuna kalenda ukutani. Kila ninapoondoka, yeye ndiye anayeizungushia duara tarehe ya kurudi kwangu, kwa kalamu ya penseli.